Afadhali kunyimwa kwa barua

Watu wa nyumbani wanadhani ukiwa Marekani ukiugua mpaka kazi ikushinde serikali inakulipa tu. Inalipa ndio, lakini kwanza inakataa. Hii disabiliti ya Social Security, yaani bima ya serikali ya asiyeweza tena kufanya kazi, tunayokatwa kila mshahara, maombi mengi ya mara ya kwanza hurudi na hapana, na sisi wengi tunaofanya kazi ya kuinua wazee kitandani tunakuja kujua hayo mgongo ukishakataa.

Unapewa siku 60 ukate rufaa. Wakiangalia tena wakakataa tena unaomba kusikizwa na jaji, ambaye ni wa hao hao Social Security, na huko ndio kuna vituko. Analetwa mtaalamu wa kazi, anaulizwa mtu wa mgongo kama huu anaweza kufanya nini, na majibu anatoa kwa kitabu cha orodha ya kazi ambacho mara ya mwisho kurekebishwa ilikuwa 1991, yaani kuna watu wamenyimwa kwa sababu ati wangeweza kukaa chini wachambue njugu, na ni 2024 tu ndio kazi zaidi ya mia zikaondolewa kwa hizo wanazotumia. Ukiangushwa hapo kuna baraza la rufaa, halafu korti ya shirikisho, siku 60 tena.

Na huko kortini usifikirie utasimama umwonyeshe jaji kovu, wapi! Anasoma faili, anaangalia kama ushahidi ulitosha na sheria ilifuatwa, basi. Ripoti mpya ya dokta kwa kawaida haiingii. Hata ukishinda mara nyingi hupewi pesa, faili inarudishwa kule ilikotoka usikizwe upya. Hiyo miaka yote mwenye nyumba anataka kodi yake, na anayelipa ni mchango wa WhatsApp, sisi kwa sisi.

Sasa mtaniuliza mbona bado nasema afadhali huku. Kwa sababu barua ya kukataa ina sababu na ina tarehe, wakili anakubali kukata asilimia isiyozidi 25 ya malimbikizo, zile pesa za nyuma ulizokuwa unadai, ukishinda, na ile ada ya dola 405 ya kufungua kesi maskini anaweza kusamehewa. Mtu hana kitu na anashtaki serikali!

Kwetu Kenya tuna WIBA ya 2007, sheria ya fidia ya kuumia kazini, na kwa karatasi si mbaya, hujaridhika na uamuzi wa mkurugenzi wa serikali anayesimamia fidia hiyo unapinga ndani ya siku 60, akikataa unaenda korti ya kazi. Lakini hiyo ni ya aliyeumia kazini na ana mwajiri. Mama mboga aliyekatwa mguu juu ya sukari je? Huyo labda Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kusaidia wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi, ukiwa na ulemavu mkali na jina liko kwa list. Likikosa unaambiwa pole mama, ngoja usajili mwingine, na sijawahi kusikia mtu amepeleka serikali kortini juu ya hiyo elfu mbili. Anaenda kwa chifu, anaenda kanisani, anaita harambee. Watu wetu wana roho nzuri, sikatai, lakini roho nzuri huwezi kuikatia rufaa ikichoka.

Mimi nataka huyo mama anyimwe kwa maandishi, na apate wakili wa kulipwa akishinda. Na wale watasema ati korti zitajaa kesi za elfu mbili mbili, wacha zijae.