Mali Kauli Mbele ya Hakimu

Katika semina za wafanyabiashara wadogo, Arusha kama Moshi, onyo moja halikosekani: acheni mali kauli, yaani kupeana mzigo kwa ahadi ya mdomo ya kulipa baadaye, andikianeni mikataba. Onyo hilo lina sababu zake. Mdaiwa akifariki, warithi wanaweza kuruka deni wakasema hawalijui. Bei ikibishaniwa, inabaki kauli ya huyu dhidi ya kauli ya yule, na kisheria anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Benki nayo haimkopeshi mtu kwa ahadi alizopewa na wateja wake sokoni.

Tatizo ni kwamba wasikilizaji wengi huondoka wakiamini kuwa mali kauli haina nguvu yoyote kisheria. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinataka ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kufunga mkataba, malipo halali na lengo halali; karatasi hakikuitaja kama sharti la jumla. Pale sheria nyingine inapodai maandishi, kama katika mauzo ya ardhi, hilo ni jambo jingine.

Kikwazo chenyewe kimo katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kifungu cha 6 kinasema mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiki mahakamani, ila kama mnunuzi amekubali na kupokea sehemu ya mzigo, au ametoa arubuni, yaani fedha ya kushika mzigo, au sehemu ya malipo, au ipo kumbukumbu ya maandishi iliyosainiwa na anayedaiwa. Shilingi 200! Fedha hiyo leo hainunui yai moja pale soko la Kilombero, Arusha, maana yake kanuni iliyokusudiwa kwa biashara nzito sasa inamfunika hadi mama muuza nyanya. Uingereza, ambako kanuni hii ilitoka ikiwa na kiwango cha pauni 10, iliifuta mwaka 1954. Sisi tumebaki nayo, na sijasikia hoja yoyote ya maana ya kuitetea.

Lakini kisome tena kifungu hicho ukiwa na mali kauli akilini. Mchuuzi wa soko la Mbuyuni, Moshi, aliyechukua magunia kumi ya vitunguu, akayauza rejareja na kuahidi kulipa Jumamosi, amekwisha kupokea mzigo na kuukubali; kinga ya kifungu cha 6 haimfikii tena. Anayeachwa wazi na sheria ni yule aliyeagizwa vitunguu kwa simu, bila arubuni wala ujumbe, akapakia lori kutoka Mang'ola, kisha akafika na kukuta bei imeshuka na mwagizaji amegeuka. Huyo ndiye alistahili onyo la semina, wala biashara yake si mali kauli.

Kuhusu ushahidi, soko halijakaa mikono mitupu. Kaunta buku ya muuzaji wa jumla huwa na tarehe, idadi ya magunia, bakaa, na pembeni saini ya aliyechukua, hata kama ni herufi mbili tu zilizoandikwa kwa haraka. Ujumbe wa simu wa “nimepokea kumi, nitamalizia Jumamosi” nao unaweza kupokewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Uthibitisho katika kesi ya madai hupimwa kwa uzito wa uwezekano. Hautakiwi uondoe kila shaka.

Mkataba rasmi, kwa upande wake, una mitego ambayo semina huipita haraka. Hati inayotakiwa kulipiwa ushuru wa stempu haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Tena, masharti yakishaandikwa, kwa kawaida mahakama haitasikiliza maelezo ya mdomo yanayoyapinga, kwa hiyo aliyesaini fomu ya mwenzake bila kuisoma anaweza kuwa katika hali mbaya kuliko asiyesaini kitu. Kwa mkopo wa benki au ubia wa miaka mingi, wakili alipwe na mkataba uandikwe. Kwa magunia kumi ya kulipwa Jumamosi, mstari mmoja wenye saini kwenye kaunta buku unatosha, na yule wa lori la Mang'ola adai arubuni kabla hajapakia.