Tatizo si ua, ni kifuko

Kila Septemba maduka ya bustani huku Ulaya hupanga vifuko vya vitunguu vya Iris danfordiae (aina fupi ya irisi; vitunguu hivi ni vya kuoteshea maua, si vya kula), vyenye picha ya ua la njano na ahadi kwamba litarudi mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza ahadi hutimia. Februari, wakati bustani nzima bado imelala, kiua cha sentimita 10 hivi kinachomoza na kumfanya jirani asimame kwenye uzio kuuliza. Mwaka wa pili hutoka majani. Wa tatu, majani mengi zaidi, ua hakuna. Basi watu wanahitimisha kuwa ni ua la msimu mmoja: panda, furahi, tupa, nunua tena.

Mimi silikubali hilo hata kidogo.

Kwao ua hili ni Uturuki, milima ya Taurus na miinuko mingine ya Anatolia, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na Bi. Danford, aliyelikusanya Taurus mwaka 1876. Huko huchanua pembezoni mwa theluji inayoyeyuka. Mizizi hunywa maji hayo ya baridi, majani yanarefuka haraka, yanakauka, kisha mmea wote unajichimbia kwenye udongo wa kokoto kiangazi kizima, juani, karibu bila mvua. Ukame huo ndio unaolikomaza tunguu liweze kutoa ua tena. Sasa lihamishie kwenye bustani inayomwagiliwa Julai nzima kwa ajili ya nyasi, uone.

Ukilichimbua Juni baada ya kuchanua, lile tunguu moja lililovikwa nyuzi kama wavu hulioni tena. Limepasuka vipande vipande, vingine vidogo kama punje za mchele, na kila punje inahitaji miaka kadhaa ya kulishwa kabla ya kuchanua. Kwa hiyo mmea haukufa. Umezaa kupita kiasi, na wewe unawaona watoto tu. Wakulima wazoefu hupanda chini zaidi, sentimita 15 au hata 20, kwenye udongo wenye changarawe, wakaweka mbolea yenye potasiamu majani yakiwa bado mabichi. Hiyo hupunguza kupasuka, ingawa haiondoi kabisa.

Mambo haya si siri. Yanajulikana miaka mingi, na yangeenea kwenye mistari miwili nyuma ya kifuko. Hayaandikwi, na sioni sababu nyingine zaidi ya kwamba mteja anayerudi kila Septemba ana faida kuliko anayejua kutunza. Angalau wangeandika "huenda lisichanue tena".

Mwenye bustani ya maji mengi namshauri achukue 'Katharine Hodgkin', chotara la Iris histrioides ya Uturuki na Iris winogradowii ya Georgia. Ni la samawati iliyopauka na michirizi, rangi ambayo wengine huiona ya ajabu (mimi naipenda), na huongezeka bila kisirani. Huko Toronto, Alan McMurtrie ametumia miongo kadhaa kuchanganya danfordiae na jamaa zake, na rangi alizopata hazikuwahi kuonekana kwenye kundi hili.

Lakini danfordiae yenyewe sitaiacha. Lichunguze kwa karibu: irisi nyingi zina petali tatu zilizosimama wima, hili zake zimesinyaa zikabaki kama vinywele. Petali za chini zina vidoa vya kijani. Sugua jani kati ya vidole viwili utahisi pembe zake nne. Yangu yako kwenye chungu kirefu chenye kokoto, na majani yakishakauka nakiingiza chini ya paa la banda, mvua isikifikie mpaka Septemba.