Unga kilo 2, megahezi 14

Redio yangu ya ridhaa, ya kuongea na watu wa mbali kwa kujifurahisha, ilikaa kabatini hadi Mama Asha akaifanya kituo cha kupozea pasi. Kilichoitoa huko ni Morse, lugha ya milio mifupi (nukta) na mirefu (mstari). Sauti ya mtu hewani inakula upana wa kilohezi 2.4 hivi, Morse inajipenyeza kwenye hezi 150 tu, ndiyo maana hata wati chache zinavuka bahari.

Nikaanza kwa mtindo wa Koch: herufi mbili, K na M, kwa mwendo kamili wa maneno 20 kwa dakika. Hapo nukta ni milisekunde 60, mstari ni mara tatu yake. Ukipatia asilimia 90, unaongeza herufi moja. Usihesabu nukta, shika mdundo. Dakika 15 asubuhi, 15 jioni. Ukizidisha utaanza kusikia K kwenye mchi wa jirani.

Kusikiliza kuliponichosha nikahamia kugonga, na hapa ndipo penye kitufe cha BK, kinachoamua kama ukigonga redio inarusha au la. Kikizimwa, unasikia mlio kwenye spika yako tu, hakitoki kitu. Kikiwashwa, mlio ni uleule, ila redio inarusha. Jana yake nilikiwasha nikijaribu antena, dipoli ya waya mita 5.1 kila upande, toka mwembeni hadi nguzo ya choo. Sikukizima. Wati 50.

Cha kugonga sikuwa nacho ila karatasi ya Mama Asha: UNGA KILO 2, VITUNGUU, SABUNI. Nikatanguliza CQ, mwito wa kuita yeyote, kwa madaha.

"Baba Asha, sabufa inakohoa!"

"Zima uwashe."

"Na taa inakonyeza."

"Umeme mdogo leo."

Vijiti vya mita ya nguvu vilikuwa vinarukaruka mbele ya pua yangu.

Nilipopumzisha mkono, spika ikajibu. Mtu anagonga kama cherehani. Nikatuma QRS, yaani punguza mwendo, vidole vikitetemeka. Akarudi taratibu, na alama yake ya wito inayoanza na I, Italia:

NNMA UNGA ?

Ndani ya herufi moja, pengo ni nukta moja. Kati ya herufi na herufi, nukta tatu. Mimi nilikuwa navuta pumzi katikati ya herufi. C ni mstari nukta mstari nukta: ikate, unapata N mbili. Q ni mstari mstari nukta mstari: ikate, unapata M na A. CQ yangu ilifika Ulaya imechinjwa. Unga ndio uliofika salama.

Nikaomba radhi, nikatuma alama yangu ya wito, inayoanza na 5H3, ya Tanzania, ambayo nilitakiwa kuitaja tangu mwanzo. Akanipa 559, alama za jinsi anavyonisikia. Hiyo 5 ya kwanza maana yake kila neno linasomeka vizuri. Watu wa Morse wana adabu kupita kiasi. Akaaga kwa 73, yaani salamu njema.

Nikachomoa antena, nikafunga mzigo bandia wa omu 50, unaomeza nguvu badala ya kuirusha hewani, na BK nikaibandika plasta. Nageuka, Mama Asha yuko mlangoni.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtaliano. Amepata ile orodha yako."

"Yote?"

"Unga tu."

Akaitazama saa ya ukutani. "Haya, anauleta saa ngapi?"