Hamira na protini za utando: wingi pekee hautoshi

Anayetaka kuzalisha protini inayosafirisha vitu kupita utando wa seli hupewa mapema ushauri uleule: tumia hamira. Ushauri huo una mashiko. Hamira hailishwi kwa gharama kubwa, hukua upesi kuliko seli za mamalia, na tofauti na bakteria, ina kiini na mifumo ya kukunja protini inayokaribia ya wanyama na mimea. Ushahidi upo. Mwaka 2005 maabara ya mtafiti Roderick MacKinnon ilitoa umbo la Kv1.2, chaneli ya potasiamu ya panya (protini inayopitisha potasiamu kwenye utando), iliyozalishwa ndani ya aina ya hamira iitwayo Pichia pastoris.

Shida ni kwamba watetezi wengi huhesabu miligramu tu. Kwa kawaida protini hubandikwa mkiani GFP, protini inayong'aa kijani; sukari ya galaktosi, inayowasha jeni, ikishaingia, seli zinawaka kijani na maabara nzima inachangamka. Mwanga ule unaashiria kwamba protini haikuharibika na kujirundika. Kama inasafirisha chochote, hausemi. Kisafirishi cha serotonini cha binadamu, kwa mfano, hutegemea kolesteroli, ilhali hamira hutengeneza ergosteroli, mafuta mengine ya jamii hiyo. Halafu kuna ukuta wa seli, ambao hupasuliwa kwa shanga za kioo au shinikizo kubwa. Ukizembea baridi hapo, vimeng'enya vya hamira vinaanza kutafuna kile ulichokuja kuchukua. Sabuni, inayoitoa protini kwenye utando, nayo ina vituko vyake. Protini iliyotulia ndani ya sabuni iitwayo DDM yaweza kugandana ukiihamishia sabuni ya mnyororo mfupi, na kwenye grafu ya safu ya kutenganisha protini kwa ukubwa, kilele chembamba kinageuka mgongo mpana usio na maana.

Na huo wingi wenyewe umeshuka thamani. Hadubini ya elektroni ya baridi kali, inayoonyesha umbo la protini, huhitaji protini kidogo kuliko njia ya fuwele, hivyo seli za binadamu ziitwazo HEK293, pamoja na ughali wake, si anasa tena. Kwa protini ya binadamu ningeanza huko, fedha zikiwepo.

Hata hivyo, hamira unaweza kuinyang'anya kisafirishi chake, kisha ukaangalia kama cha kigeni kinaiwezesha kukua. Ndivyo chaneli za potasiamu za mmea wa Arabidopsis, KAT1 na AKT1, zilivyopatikana mwaka 1992. Kwa protini za mimea na kuvu, au unapojaribu mabadiliko mengi ya jeni, sioni mshindani wake. Ila usafirishaji upimwe kwenye utando mbichi, kabla ya sabuni na safu ya nikeli ya kusafishia protini, ili protini isiyofanya kazi itupwe ikiwa bado haijala fedha nyingi.