Kamera ya joto na unyayo usiohisi

Aliyeishi na kisukari miaka mingi anaweza kushinda na kijiwe ndani ya kiatu asijue, hadi jioni anapovua soksi na kukuta damu. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi, na maumivu ambayo yangemwambia avue kiatu hayaji. Ndiyo maana kamera ya infraredi inavutia. Haina sindano wala mionzi ya eksirei. Inasoma joto la ngozi tu, na nyama inayoumia chini ya sugu hupata moto kabla ngozi haijapasuka.

Kipimo kilichozoeleka ni tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya sehemu ya unyayo mmoja na sehemu hiyohiyo ya unyayo wa pili. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa mkeka wa kupima joto la nyayo ambao mgonjwa anaukanyaga nyumbani kila siku: kwa kipimo hicho uligundua asilimia 97 ya vidonda, kwa wastani siku 37 kabla havijaonekana. Wauzaji wa vifaa hupenda kuishia hapo. Katika utafiti uleule, kiwango cha tahadhari za uongo kilikuwa asilimia 57. Mtu akiambiwa mara tatu apumzishe mguu na asione kitu, ya nne ataipuuza, na mimi simlaumu.

Uholanzi walijaribu upimaji wa joto nyumbani kwa watu 304 wenye hatari kubwa ya kupata vidonda. Matokeo ya 2021 hayakuonyesha kwamba vidonda, kwa ujumla, vilipungua kwa kiasi cha kuaminika. Ila waliopunguza kutembea walipoona sehemu imepata moto walipata vidonda vichache zaidi. Hapo ndipo penye mgogoro wa kweli: picha haimpi mtu wiki mbili za kukaa chini wakati kazi yake ni ya kusimama.

Sifa moja ya kamera hii haisemwi vya kutosha: rangi ya ngozi haiisumbui. Vifaa vinavyokisia oksijeni kwa kumulika mwanga huweza kupotoshwa na weusi wa ngozi. Joto halina shida hiyo. Lakini mguu uliopungukiwa damu huwa wa baridi, na ubaridi huo unaweza kulificha joto la uvimbe. Tena mgonjwa akipigwa picha mara tu anapovua viatu, bila kukaa peku dakika 10 hivi, kinachoonekana ni joto la viatu.

Kwa hiyo singeinunua kwa ajili ya kila mwenye kisukari wakati wengi hawajawahi hata kuguswa nyayo kwa ule uzi wa plastiki wa gramu 10 unaopima ganzi, kazi ya dakika chache. Ningeanza na waliowahi kupata kidonda, maana kwao kidonda kurudi ni jambo la kawaida. Hata hapo kuna pengo: aliyekwisha kukatwa mguu mmoja, ambaye hatari yake ni kubwa kabisa, hana unyayo wa pili wa kulinganisha.