Bolivia: kiti cha diwani mwanamke na mwanamume anayekisubiri

Baada ya uchaguzi wa 2014, wanawake walishika asilimia 53 ya viti katika bunge la chini la Bolivia. Duniani kote ni Rwanda tu iliyokuwa mbele yake. Takwimu hiyo husifiwa sana. Kwa maoni yangu inaficha mengi, na anayetaka kujua hali ilivyo aache bunge, aende kwenye mabaraza ya manispaa.

Vyama vya huko havikuanza jana kukwepa. Sheria ya 1997 ilitaka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wagombea ubunge, kisha masharti kama hayo yakafika kwenye manispaa. Katika uchaguzi wa 1999 baadhi ya vyama vikayatimiza kwa kalamu tu: Juan, mwanamume, akaandikwa kwa jina la kike Juana kwenye orodha, basi, hesabu imekamilika.

Sheria ya uchaguzi ya 2010 iliziba mwanya huo. Orodha sasa ni nusu kwa nusu, mwanamke na mwanamume wakipishana kutoka juu hadi chini. Kila mgombea ana mbadala wake wa kushika kiti akiondoka, na mbadala wa mwanamke ni mwanamume. Hapo ndipo penye kasoro. Kwenye karatasi ni usawa mtupu. Kiutendaji, nyuma ya kila diwani mwanamke yupo mwanamume anayefaidika siku mama huyo akiandika barua ya kujiuzulu.

Kwa hiyo barua inatafutwa kwa kila njia. Wengine hubanwa na chama kabla hata ya kura wakubali kugawana muhula wa miaka mitano: wewe nusu ya kwanza, mbadala nusu ya pili. Anayekataa haitwi vikaoni, halafu anaambiwa ni mtoro na malipo yake yanazuiwa. Akishupaa, vitisho vinahamia kwa familia.

Juana Quispe, diwani wa manispaa ya Ancoraimes, alizuiwa kuingia barazani akaenda mahakamani, akashinda, akarudi kazini. Machi 2012 alikutwa ameuawa jijini La Paz. Muswada wa kuwalinda madiwani wanawake, ambao jumuiya yao ya madiwani wanawake ilikuwa imeupigania kwa zaidi ya miaka kumi, ukapita Mei mwaka huohuo kama Sheria namba 243. Unyanyasaji wa kisiasa ni kifungo cha miaka 2 hadi 5; ukatili wa kisiasa, miaka 3 hadi 8.

Wengi hutaja vifungo hivyo. Mimi naona kipengele chenye meno ni kingine: barua ya kujiuzulu lazima ifike kwanza kwenye mamlaka ya uchaguzi, siyo mezani kwa mwenyekiti wa baraza. Pale angalau kuna mtu wa kumuuliza mama kama ameandika kwa hiari yake. Lakini kesi za jinai hukokotwa miaka na miaka, na diwani wa kijijini hana nauli ya kwenda mjini kila zinapoahirishwa.

Tiba ningeianzia kwa mbadala. Mwanamke akiondoka, kiti kijazwe na mwanamke. Faida ya kumfukuza itapungua siku hiyohiyo. Umeya ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu kiti kimoja hakigawiki nusu kwa nusu: katika manispaa zaidi ya 330, mameya wanawake hawafiki hata mmoja kati ya kumi.