Majivu ya maganda ya mpunga kwenye zege: lawama iende kwa tanuri

Anayepinga majivu ya maganda ya mpunga kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji kwenye zege huwa na ushahidi mkononi. Amechota majivu meusi kwenye lundo lililojiunguzia lenyewe nyuma ya mashine ya kukoboa, akapunguza saruji na kuyaweka badala yake, na tofali likamomonyoka kabla halijafika ukutani. Anayeyatetea naye anaonyesha zege la maabara lenye majivu badala ya asilimia 15 ya saruji ambalo, likifika siku 28 na kuendelea, linalingana na la saruji tupu au linalipita. Tatizo ni kwamba vitu hivyo viwili vinaitwa jina moja, na lawama ya kile cha kwanza imekiangukia cha pili.

Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika kokoto na mchanga, lakini hutoa pia haidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, ambayo mchango wake katika nguvu ni mdogo. Silika ya majivu, kitu kilekile kinachounda mchanga, huikamata hiyo na kuigeuza gundi zaidi. Majivu ya maganda ya mpunga yana silika nyingi mno, kwa kawaida asilimia 85 hadi 95, ila lazima iwe silika ambayo bado haijajipanga kuwa fuwele. Hapo ndipo moto unapoamua. Kwenye nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi, kukiwa na hewa ya kutosha, kaboni inaisha na silika inabaki hai. Joto likipanda zaidi ya 800 na kukaa huko, silika huwa kristobaliti, yaani fuwele isiyofanya kazi, na ulichonacho ni mchanga mwembamba tu. Hewa ikikosekana, kaboni inabaki na majivu yanakuwa meusi. Lundo la wazi hufanya makosa yote mawili kwa pamoja: tumboni linaungua kupita kiasi, pembeni linafuka moshi.

Kosa jingine ni kutosaga. Chembe ya majivu imejaa vitundu, na ikiwa nzima inakunywa maji. Fundi anaona zege limekuwa gumu kulimwaga, anaongeza maji, na nguvu inakwenda na yale maji. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618, kilichoandikwa kwa ajili ya pozolana za asili (unga wenye silika unaoungana na chokaa) na majivu ya makaa ya mawe lakini kinachotumika sana kama rula hapa pia, hutaka yasizidi asilimia 34 yanayobaki juu ya chekeche lenye matundu ya maikroni 45 (sehemu 45 za elfu za milimita). Bila kinu chenye mipira ya chuma hufiki huko. Chekeche la mchanga halisaidii kitu. Hata yakisagwa vizuri bado yanadai maji zaidi, kwa hiyo kemikali ya kulainisha zege iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Asiye na maabara afanye jaribio la chokaa: sehemu mbili za majivu yaliyosagwa kwa sehemu moja ya chokaa iliyozimwa, kwa uzito, maji ya kutosha kufinyanga bonge, kisha lifungwe kwenye plastiki lisikauke. Baada ya wiki nne, bonge likichubuka kwa ukucha, majivu hayo yapelekwe shambani. Rangi ya kijivu chepesi ni dokezo zuri, lakini weupe unaoelekea waridi mara nyingi ni dalili ya moto uliozidi.

Sasa hoja nzito ya wapinzani: wingi. Tani moja ya mpunga hutoa takriban kilo 200 za maganda, na maganda hayo hutoa kilo 40 za majivu. Dunia huvuna zaidi ya tani milioni 750 za mpunga kwa mwaka na kutumia takriban tani bilioni 4 za saruji. Hata ganda la mwisho likikusanywa, ni tani milioni 30 hivi, hazifiki asilimia moja. Hesabu hiyo ni sahihi, na anayedai majivu yataiokoa dunia na hewa chafu ya viwanda vya saruji anyamaze kidogo.

Lakini nani hujenga kwa wastani wa dunia? Zege huchanganywa karibu na linapomwagwa. Kwa kubadilisha asilimia 15, kila mfuko wa kilo 50 wa saruji iliyochanganywa na majivu unahitaji kilo 7.5 za majivu, maana yake tani moja ya mpunga inahudumia mifuko mitano na ushee. Bonde linalovuna tani 20,000 lina majivu ya mifuko zaidi ya 100,000. Kinachoharibu hesabu ni usafiri wa maganda: mita moja ya ujazo ina kilo 100 tu au zaidi kidogo, lori linajaa upepo. Kwa hiyo yaunguzwe palepale yanapokobolewa, joto likaushe mpunga, na kinachosafirishwa kiwe majivu. Bila hivyo wapinzani wameshinda.



Mambo mawili hayana utetezi. Vumbi la silika iliyokuwa fuwele husababisha saratani ya mapafu, hivyo majivu yaliyounguzwa kupita kiasi si hafifu tu, ni hatari kwa anayesaga. Pia, chokaa inapoliwa, akiba inayokinga nondo dhidi ya kutu hupungua mbele ya kaboni dioksidi ya hewani, ingawa zege lililobana huichelewesha, na chumvi nayo hupenya kwa shida zaidi. Mahali pa kuanzia ni matofali, lipu na misingi isiyo na nondo, kwa asilimia 10. Zege la nondo lisubiri majivu yenye vipimo vya kila shehena, na limwagiliwe siku 14 badala ya 7, kwa sababu silika hufanya kazi polepole na ikikosa maji inasimama.